Oksidi za metali katika nguo za pamba: kuuchelewesha moto

Pamba hupendwa kwa kuwa hufyonza jasho na haisumbui ngozi. Kanga ya mama anayepika, gauni la kulalia la mtoto na shuka za wodini aghalabu hutokana nayo. Lakini karibu yote ni selulosi, na selulosi ni chakula cha moto. Joto linapopita sentigredi 300 hivi, selulosi huvunjika na kutoa gesi. Gesi hizo ndizo ziwakazo, na mwali wake huchoma sehemu inayofuata. Ndiyo maana upindo wa kanga ukigusa mafiga, moto hupanda haraka kuelekea kifuani na usoni.

Wataalamu wa nguo hutafuta kiwango cha chini cha oksijeni kinachotosha kitambaa kuendelea kuwaka. Kwa pamba isiyotibiwa ni asilimia 18 hivi. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Pamba ikishika moto, basi, haina sababu ya kuzimika yenyewe.

Nchini Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wengi waliungua kwa sababu ya flaneleti, kitambaa cha pamba chenye manyoya mepesi, cha bei nafuu, kilichopendwa na familia maskini. William Henry Perkin mdogo, profesa wa kemia mjini Manchester, alitafuta dawa ambayo isingeondoka kwa kufuliwa, kwani chumvi zilizotumika kabla yake ziliyeyuka katika maji ya kwanza. Kitambaa kilichovywa katika myeyusho wa sodiamu staneti, kikakaushwa, kisha kikatiwa katika amonia salfeti. Chumvi hizo mbili zilipokutana, oksidi ya bati ilijengeka ndani ya nyuzi zenyewe na kung'ang'ania humo. Mwaka 1912 alieleza kazi hiyo mbele ya wanakemia mjini New York. Njia ilifaa, lakini iliongeza bei ya kitambaa, na mnunuzi wa flaneleti ndiye hasa asiyemudu nyongeza.

Leo watafiti hutumia zaidi oksidi za titani, alumini na zinki, zikiwa chembe ndogo mno au utando mwembamba. Oksidi ya namna hii haiungui, kwa kuwa metali yake imekwisha kuungana na oksijeni. Utando wake hupunguza joto linaloingia na gesi zinazotoka, na huweza kuielekeza selulosi igeuke makaa badala ya gesi. Hidroksidi ya alumini huongeza jambo moja: ikipita sentigredi 200 hivi hutoa maji yake na kumeza joto. Hata hivyo, oksidi peke yake mara nyingi haitoshi. Huchanganywa na fosforasi, ambayo huzidisha makaa hayo.

Mfuaji naye ana sehemu yake. Sabuni ya mche katika maji ya chumvichumvi huacha utando wa mafuta juu ya nguo, na utando huo huwaka. Dawa ya klorini nayo huweza kuharibu kinga. Maelekezo ya lebo yafuatwe, hata wodini.

Mgonjwa anayepumua oksijeni ya mtungi yuko katika hali nyingine kabisa. Kitambaa kinachohitaji asilimia 28 ili kiwake ni salama kiasi katika hewa ya kawaida, lakini oksijeni ikivuja na kutuama katika mashuka, kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Kiberiti, sigara na mshumaa havina nafasi karibu na kitanda hicho, hata shuka liwe limetibiwa namna gani.

Tena, utando huu haumkingi mtu na uji au chai ya moto, na nguo isiyowaka bado hupitisha joto. Mhudumu asidanganywe na vazi lililobaki zima: aikague ngozi iliyo chini yake. Palipoungua papozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu wala dawa ya meno, na kitambaa kilichogandamana na jeraha kisibanduliwe nyumbani.