Kompyuta zatumiwa kukadiria hatima ya samaki na kome mitoni

KATIKA bonde la Mto Flint, jimboni Georgia nchini Marekani, wakulima huvuta maji ya mito na ya visima kunyunyizia mashamba. Mito hiyo hiyo ni makao ya samaki na kome ambao baadhi yao wamo hatarini kuangamia. Kiangazi kinaporefuka, mkulima na kome hugombania maji yale yale.

Kome ni mnyama mwenye magamba mawili anayejifukia kwenye mchanga wa mto na kujilisha kwa kuchuja maji. Maji yanapopungua, samaki huweza kuogelea hadi penye kina. Kome hujikokota polepole na mara nyingi huachwa pakavu. Ndivyo ilivyotokea katika ukame wa mwaka 2000, vijito kadhaa vya Flint vilipokauka na kome wengi kufa. Mwaka 1998, spishi saba za kome wa mito ya eneo hilo zilikuwa tayari zimewekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Isitoshe, kome humtegemea samaki. Viluwiluwi vyake hujishikiza kwenye mashavu ya samaki kwa muda, kisha hudondoka na kuanza maisha chini ya mto. Kome wengi hufaulu kwa aina chache tu za samaki. Samaki hao wakitoweka, kome wazima huendelea kuishi, lakini bila uzao.

Ili kukadiria yatakayotokea, wanasayansi huunganisha modeli tatu za kompyuta. Ya kwanza hukadiria joto na mvua za miaka ijayo. Ya pili hugeuza makadirio hayo kuwa kiasi cha maji katika kila kijito. Ya tatu hupima uwezekano wa kila spishi kudumu, kutoweka au kurejea mahali hapo.

Modeli hizo si ramli. Zinakubaliana kwamba joto litapanda, ila kuhusu mvua za eneo hilo hutofautiana. Ndiyo sababu wataalamu hulinganisha hali nyingi: maji yakivutwa kidogo au kwa wingi, mvua zikinyesha au zikikosekana.

Faida yake ni kuwaonyesha wasimamizi wa maji, kabla ya ukame kufika, ni vijito gani vya kulindwa kwanza. Kome hukua polepole; akishafia pakavu, mvua ya mwaka ujao haimfai kitu.