Masurufu ya matembezi: Korosho, nazi na maembe makavu yatosha

Kila msimu wa likizo, barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi hujaa mabasi ya vijana, vikundi vya makanisa na jamaa waendao kutazama magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke, mikoko ya Mida na makorongo mekundu ya Marafa. Aghalabu wasafiri hao hubeba soda, mkate na biskuti. Ifikapo saa sita mchana, soda imepata moto, mkate umepondeka na watoto wamelegea kwa njaa, ilhali ndani ya msitu hakuna kibanda cha kuuza chochote.

Chakula kifaacho matembezi ya aina hiyo ni kile kisichoharibiwa na joto, kisichohitaji sahani wala kijiko, na ambacho konzi moja humtia mtu nguvu ya kuendelea na safari. Wapanda milima wa Ulaya na Marekani hutumia mchanganyiko wa njugu na matunda makavu. Maduka yetu makubwa huuza mchanganyiko huo katika vipakiti vidogo, kwa bei inayomfanya mzazi mwenye watoto wanne apite bila kugeuza shingo. La kushangaza ni kwamba karibu viungo vyote vyake vinapatikana katika mashamba ya Kilifi.

Tuanze na korosho. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno kutoka Brazil, na hadi leo Kilifi ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa zao hilo. Kiwanda cha korosho kilichojengwa mjini Kilifi miaka ya 1970 kiliporomoka katika miaka ya 1990, na hata baada ya serikali kupiga marufuku uuzaji nje wa korosho ghafi mwaka 2009, mkulima hajarudia neema aliyoizoea. Anayenunua korosho kwa mama anayezibanika kijijini huacha fedha zake papo hapo zilipovunwa. Hata hivyo, asiye na ujuzi asijaribu kuzibangua nyumbani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake huumiza macho na kifua. Nunua zilizokwisha banguliwa, uzikaange tu.

Njugu karanga ni rahisi zaidi kwa bei, lakini ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa. Kuvu anayeota kwenye njugu na nafaka zenye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliwaua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na kwingineko mashariki mwa Kenya. Kukaanga hakuiondoi kikamilifu, wala mtu hawezi kuionja. Kwa hiyo zichambue njugu moja moja kwenye ungo kabla ya kuzitia motoni. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye harufu ya uvundo itupwe, na asipewe kuku wala mbuzi. Kazi hii inachosha, lakini haina njia ya mkato.

Kaanga korosho na njugu mbalimbali, kwa moto mdogo, huku ukikoroga bila kusita. Korosho huiva upesi kuliko njugu, na ukizichanganya moja itaungua kabla nyingine haijakauka. Zinapokaribia kuiva, nyunyiza maji ya chumvi (kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika robo kikombe cha maji) kisha endelea kukoroga hadi zikauke tena. Chumvi hiyo si ya ladha tu. Mtu atembeaye katika jua la Marafa hutoka jasho jingi, na jasho huondoka na chumvi ya mwili.

Baada ya hapo zitandaze kwenye sinia zipoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri waliyoifanya. Njugu zikifungiwa zingali na uvuguvugu, mvuke hugeuka matone ndani ya chombo, na kesho yake zimelegea. Baada ya siku kadhaa zimeota ukungu. Hewa ya pwani nayo ina unyevu mwingi usiku, hivyo usiziache wazi hadi asubuhi. Zikishapoa, zifunge.

Nazi iliyokomaa haihitaji zaidi ya kisu na subira. Itoe kifuuni, ikate vipande vyembamba mithili ya ukucha, uvikaange bila mafuta hadi kingo zigeuke rangi ya kahawia. Vikipoa vitavunjika kwa mlio. Visikae muda mrefu, kwa kuwa mafuta ya nazi huchacha.

Maembe na ndizi hutegemea majira. Kaskazi inapovuma na jua kuwa kali ndipo nayo maembe ya pwani huwa tele, na ni heri iliyoje. Embe ngowe, ambalo halina nyuzi nyingi, ndilo ninalolipendelea. Likate vipande vyembamba, uvitandaze juu ya wavu safi na kuvifunika kwa wavu mwingine kuzuia nzi, na uviingize ndani kila magharibi. Siku mbili au tatu zatosha. Kipande kilichokauka hupindika bila kunata, na ukikiminya hakitoi maji. Ndizi zipakwe maji ya ndimu kwanza zisiwe nyeusi. Wakati wa masika usihangaike. Nunua tende, chakula cha mabaharia wa majahazi ya Ghuba tangu kale, uzitoe kokwa na kuzigaragaza kwenye ufuta uliokaangwa ili zisigandane.

Ubuyu nao una nafasi yake, kwani unga wake una vitamini C kwa wingi na uchachu wake huamsha mate kinywani. Lakini mabuyu ya sukari na rangi nyekundu yafungwe peke yake, la sivyo kila kitu kitanata na kuwa chekundu, pamoja na nguo za watoto. Chokoleti iachwe nyumbani. Kwa joto la Malindi itakuwa uji kabla basi halijafika Gede.

Kipimo nikitumiacho ni vikombe viwili vya korosho, viwili vya njugu, kimoja cha nazi na kimoja na nusu cha matunda makavu. Gramu 100 za mchanganyiko huo hutoa kalori 500 hivi, kiasi cha kumtosha mtu mzima kwa matembezi ya nusu siku. Jambo la kuzingatia ni kwamba matunda, hata yakikauka vipi, bado yana unyevu ambao hunyonywa na njugu. Yawekwe mbali na njugu hadi asubuhi ya safari, ndipo yachanganywe.

Kuhusu chombo, kumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Mikopo ya bati yenye vifuniko inafaa, hali kadhalika bahasha za kaki kwa safari ya siku moja. Maji yabebwe katika chupa za chuma, tena mengi, maana chakula kikavu huleta kiu.

Mwalimu anayeongoza wanafunzi awaulize wazazi mapema ni mtoto yupi anayedhuriwa na njugu. Kwa mtoto wa namna hiyo, hata punje moja yaweza kuziba pumzi, hivyo aandaliwe nazi na maembe katika mkopo wake, na kwa sufuria isiyokaangiwa njugu. Watoto walio chini ya miaka mitano nao wasipewe njugu nzima, kwa sababu huwapalia kwa urahisi.

Mtakapofika Gede, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, msile mkiwa mnatembea kati ya kuta. Kima wa pale wamezoea wageni na hujua mlio wa kifuniko cha mkopo. Kuwapa chakula huwafanya wawe wakali kwa wageni wengine. Fungueni masurufu yenu baada ya kutoka.