JE, WAJUA? Ngoma ya bure, hisa za Copenhagen

Mdundo, kampuni ndogo ya muziki iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, iliuza hisa zake mbali na nyumbani: katika soko la Copenhagen, Septemba 2020. Hisa moja krona 10 za Denmark. Wawekezaji wakatoa krona milioni 40!

Na wimbo wenyewe kwenye Mdundo haulipiwi. Mvuvi wa Kigombe anaupakua bure, unakaa kwenye simu, anausikiliza hata mtandao ukimpotea baharini.

Pesa iko kwenye tangazo. Unafungua miksi ya DJ, mara sauti inakunadia bidhaa kabla ngoma haijalia. Tangazo limo ndani ya faili lenyewe. Umrushie shemeji yako miksi hiyo, naye atalisikia, apende asipende.