Damu ‘haichujwi’, hutengwa

WENGI husema kwamba maabara ‘huchuja’ damu. Nionavyo, kitenzi hicho chapotosha. Kuchuja ni kutenganisha vitu kwa ukubwa, nako kwahitaji chujio. Sentrifyuji, yaani mashine ya kuzungusha, haina chujio. Hutenga kwa msongamano: uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake.

Hebu tuanzie shambani. Mkulima wa ndengu (pojo, ukipenda) huku Mtito Andei hupepeta. Makapi mepesi yakapeperuka, punje zikabaki ungoni. Hapo hakuna kilichochujwa.

Damu nayo, ikitiwa dawa ya kuzuia kuganda kisha iachwe wima, chembe nyekundu huzama polepole. Mashine huharakisha tu kazi hiyo. Ikizunguka kwa kasi, chembe nyekundu, zenye msongamano mkubwa zaidi, husukumwa hadi chini. Juu hubaki utegili wa manjano, takriban asilimia 55 ya damu yote. Katikati huwa na utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani.

Kwani neno lina uzito gani? Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na majeruhi huhitaji damu. Damu ya mtu mmoja ikitengwa yaweza kuwafaa wagonjwa watatu. Ila mtoaji akiambiwa damu yake ‘imechujwa’, atadhani eti ilikuwa na uchafu, na huenda asirudi tena.

Tuseme basi ‘imetengwa’. Kuchuja tukuachie chai.