Kihispania kwa Waswahili: Asubuhi, kesho na alfajiri

Sehemu iliyopita ilihusu tarakimu. Leo tunaingia kwenye nyakati za siku, tukianza na asubuhi, kwa kuwa hapo hukwama hata mwanafunzi anayehesabu vizuri hadi mia.

Neno la msingi ni “mañana”. Herufi ñ hutamkwa kama ny ya nyanya, na mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili. Likitanguliwa na “la”, maana yake ni asubuhi. Likisimama peke yake, kwa kawaida ni kesho. Ndiyo maana “kesho asubuhi” huwa “mañana por la mañana”, na msikilizaji hatatizwi. Likitanguliwa na “el”, huwa na maana ya siku za usoni. Basi usijifunze neno hili tupu. Lishike pamoja na kile kinachoambatana nalo.

Vijineno viwili vinahitaji mazoezi zaidi. Usipotaja saa, tumia “por”: “trabajo por la mañana”, nafanya kazi asubuhi. Ukitaja saa, tumia “de”: “a las siete de la mañana”. Huko Meksiko na katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini utasikia “en la mañana” badala ya “por”, na Waargentina husema pia “a la mañana”. Yote ni sahihi kwa wenyewe. Fuata ya watu unaoishi au kufanya kazi nao. Lakini saa ikitajwa, “de” hutumika kote.

Hapo kwenye saa Mswahili awe mwangalifu hasa. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza jua linapochomoza. “Las siete de la mañana” ni saa moja asubuhi. Anayepanga miadi ya saa nne asubuhi akasema “las cuatro de la mañana” ameiweka saa kumi usiku. Alipaswa kusema “las diez”.

Saa hizo za kabla ya mapambazuko zina jina lake, “madrugada”, linaloanzia usiku wa manane hadi kunakaribia kucha. “Las tres de la madrugada” ni saa tisa usiku. “Las cinco de la madrugada” ni saa kumi na moja alfajiri. Wapo wanaosema “de la mañana” hata kwa saa hizo, nao hawakosei. Kitenzi chake, “madrugar”, ni kurauka.

Katika salamu, “mañana” haitumiki. Sema “buenos días”, au “buen día” kama wasemavyo wengi Argentina. Nchini Hispania watu wengi huendelea na “buenos días” mpaka wapate chakula cha mchana, ambacho aghalabu huliwa saa nane hivi. Kwingineko, adhuhuri ikipita, watu huhamia “buenas tardes”.

Kabla ya sehemu ijayo, andika sentensi tano kuhusu asubuhi yako: mbili zenye saa, mbili zisizo na saa, na moja ya kesho asubuhi. Zisome kwa sauti hadi “por” na “de” zije zenyewe. Tutaendelea na “tarde” na “noche”.