Mimea Tunayokula na Moto wa Kuvimba

Ukijikata kidole kwa kisu, unaona nini kesho yake? Mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, pana moto, tena panauma. Watu wengi wanafikiri kwamba kuvimba ni ugonjwa wenyewe. Sivyo. Kuvimba ni kazi ya askari wa mwili.

Ndani ya damu kuna seli nyeupe, ndogo sana, hazionekani kwa macho. Ndizo askari wanaopiga vita na vijidudu. Katikati ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna jeni. Jeni ni kama maagizo yaliyoandikwa katika kitabu: yanafundisha seli kutengeneza kitu hiki au kile. Lakini seli haisomi maagizo yote kila siku.

Nani anafungua maagizo ya vita? Ni mujumbe anayeitwa NF-kapa-B. Wataalamu Ranjan Sen na David Baltimore walitangaza habari zake katika mwaka wa 1986. Wakati wa amani mujumbe huyu anakaa nje ya kiini, ameshikwa na mulinzi. Vijidudu vikiingia, mulinzi anaharibiwa, na mujumbe anaingia katika kiini. Ndipo seli inatengeneza vitu vya kuita askari wengine, na vya kuleta homa na maumivu. Vita ikiisha, maagizo yanapaswa kufungwa tena. Yasipofungwa, moto uliolinda mwili unaanza kuuchoma, kama inavyokuwa kwa watu ambao viungo vyao vinavimba miaka mingi.

Sasa sikiliza habari ya mimea. Vitunguu, majani, matunda na chai vina vitu vinavyoitwa flavonoidi. Ile ya kitunguu inaitwa kwersetini. Wataalamu walitia kwersetini juu ya seli nyeupe ndani ya chupa, wakaziamusha kwa sumu ya vijidudu. Waliona kwamba mulinzi hakuharibiwa sana, wajumbe waliopita walikuwa wachache, na maagizo ya vita yalisomwa kidogo. Kumbuka vema: jeni hazikugeuzwa. Kitabu ni kile kile. Kusomwa kwake tu kulipungua.

Basi, mutu mwenye kidonda cha usaha aache dawa ya munganga na kula vitunguu? Hapana! Chupa si mwili. Flavonoidi tunazokula zinaingia kidogo tu katika damu, na ini linazigeuza upesi. Chakula hiki hakiponyi malaria wala kifua kikuu. Mama akingoja majani yamuponye mutoto mwenye homa, anaweza kumupoteza.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kula majani, maharagi, vitunguu na matunda kila siku. Ni chakula, si dawa.

2. Ukichemusha vitunguu, usimwage maji yake. Sehemu ya flavonoidi inaingia ndani ya maji. Kula pamoja na muchuzi.

3. Ukiwa na homa au kidonda cha usaha, kuja hospitali upesi, na kumaliza dawa yote uliyopewa.

4. Ukinywa dawa ya mimea nyumbani, usimufiche munganga. Mimea mingine inazuia kazi ya dawa, au inaizidisha nguvu.

Chakula kizuri kinasaidia askari wa mwili wako. Lakini vita ikiwa kubwa, usiwaache peke yao.