Tazama chini ya mtungi wako wa gesi

Ni lini ulipouinua mtungi wako wa gesi ukautazama chini? Kama wewe ni kama wagonjwa wangu wengi wa Thika na Ruiru, hujawahi. Mtungi huletwa na kijana wa bodaboda, ukawekwa pembeni, ukasahauliwa hadi uishe.

Mama mmoja wa Kimbo, Ruiru, aliletwa kwangu akiwa ameungua uso na mikono. Aliamka alfajiri kumpikia mtoto uji, akawasha kiberiti. "Daktari, mtungi ulikuwa unang'aa," aliniambia. Kweli, juu ulipakwa rangi mpya. Lakini chini, ndani ya ile pete ambayo mtungi husimamia, mumewe alikuta kutu imetoboa tundu mfano wa ncha ya sindano.

Kutu hupenda mahali hapo. Vyumba vya ploti huoshwa kwa maji mengi, na maji hunaswa ndani ya pete yasipate kukauka. Jiki huzidisha, maana klorini hula chuma upesi. Nayo gesi ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi dirishani bali hutambaa sakafuni hadi chini ya kitanda.

Mtungi ukiisha, funga vali, utoe nje penye mwanga, uulaze na kuukagua. Vumbi jekundu la juujuu si neno, lifute kwa kitambaa kikavu. Ukiona vishimo vinavyonasa ukucha, magamba yanayobanduka au rangi iliyovimba kama lengelenge, urudishe, na usikubali kuuziwa mwingine wa hali hiyo hata kama kijana wa bodaboda ana haraka. Usiukwangue wala kuupaka rangi mwenyewe. Rangi huficha ugonjwa. Usimamishe mtungi wima juu ya vipande vya mbao. Kila unapoubadilisha, paka povu la sabuni kwenye vali na mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kiberiti si kipimo!

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni. Mtungi unaojazwa kichochoroni hakuna anayeukagua. Kule Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka katika kituo kisicho na kibali; watu kadhaa wakafa na mamia wakajeruhiwa.

Ukisikia harufu ya gesi usiku, usiguse swichi ya taa. Funga vali, fungua mlango, watoe watoto nje.

Na mtu akiungua? Mvue pete na saa, umwagie kidonda maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha ufunike kwa kitambaa safi. Nimechoka kubandua dawa ya meno na unga wa ngano kwenye ngozi za watoto. Malengelenge yaache yalivyo, na uende hospitali moja kwa moja bila kupitia duka la dawa, hasa uso, mikono au koo vikiguswa na moto.